Vitamini D ni 33, mifupa inakataa: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kimetungwa kwa kuunganisha makosa ambayo watu wa maabara na wa kliniki wanayafahamu vizuri. Hakuna mgonjwa mmoja halisi nyuma yake, lakini kila namba imepangwa ifuate namna mwili na mashine vinavyofanya kazi.

Mgonjwa

Mwanamke wa miaka 38 anakuja na malalamiko matatu: uchovu usioisha, nywele kunyonyoka, na maumivu ya mapaja na nyonga yaliyoanza taratibu miezi minane iliyopita. Akikaa kwenye kiti kifupi hanyanyuki mpaka ajisukume kwa mikono. Ngazi anapanda moja moja, ameshika ukuta. Huu ni mwaka wake wa nne wa zamu za usiku. Mchana analala, madirisha yakiwa yamefungwa. Ana watoto wawili, na wa pili aliacha kunyonya mwaka jana. Alipoulizwa kuhusu dawa, alijibu kuwa hatumii dawa yoyote.

Anatembea akiyumba upande huu na huu. Ukibonyeza muundi wake kwa kidole gumba, anaruka kwa maumivu. Mapigo ya moyo ni 72 kwa dakika, mikono haitetemeki, na uzito umeongezeka kilo 3. Hayo matatu ya mwisho yaliandikwa kwenye faili na hayakufikiriwa tena kwa wiki mbili.

Damu ilichukuliwa saa tatu asubuhi. Majibu yalikuja hivi:

- Vitamini D (25-OH, aina ya akiba inayozunguka kwenye damu): 33 ng/mL
- PTH, homoni ya parathairoidi: 11 pg/mL (kawaida 15–65)
- TSH, homoni inayoamuru tezi ya thairoidi: 0.11 mIU/L (0.4–4.0)
- T4 huru, homoni ya thairoidi yenyewe: 27 pmol/L (12–22)
- Kalsiamu: 2.05 mmol/L (2.15–2.55), albumini (protini inayoibeba) 38 g/L
- Fosfeti: 0.68 mmol/L (0.80–1.45)
- ALP, kimeng'enya cha mfupa na ini: 236 U/L (35–105); GGT, cha ini: 18 U/L (kawaida)
- Magnesi, kreatinini na potasiamu: kawaida (potasiamu 4.1 mmol/L)

Usomaji wa kwanza, uliokuwa na mantiki yake

Vitamini D ni 33, inatosha, basi hilo limefungwa. TSH iko chini na T4 iko juu: tezi ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Na ugonjwa huo unaeleza mengi. Unalegeza misuli ya mapaja, unanyonyoa nywele, unaharakisha mzunguko wa mfupa hadi ALP inapanda, unaweza hata kushusha PTH. Rufaa ya kwa daktari wa tezi iliandikwa, na kabimazole, dawa ya kuituliza thairoidi, ilikuwa karibu kuanza.

Aliyesoma hivyo hakuwa mzembe. Alichukua namba tano zilizokubaliana akaacha mbili zilizopinga. Hizo mbili, kalsiamu na fosfeti, zilikuwa kweli.

Zilizopinga

Anza na kalsiamu. Thairoidi ikizidi inachota kalsiamu kutoka kwenye mifupa na kuipeleka kwenye damu, kwa hiyo ungetegemea iwe ya kawaida au juu kidogo. Hapa iko chini. Kuirekebisha kwa albumini hakubadilishi kitu: 2.05 + 0.02 × (40 − 38) ni 2.09, bado chini ya mpaka.

Je, sampuli iliharibiwa? Hili huulizwa mapema kila kalsiamu inaposhuka bila kutarajiwa. Damu ya tyubu ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande) ikimiminiwa kwenye tyubu ya seramu, au tyubu ya EDTA ikijazwa kwanza na sindano ikabeba mabaki yake, EDTA hukamata kalsiamu yote inayoikuta. Lakini kosa hilo huacha alama: potasiamu hupaa, kwa sababu EDTA ya tyubu ni chumvi ya potasiamu, na ALP huporomoka, kwa sababu kimeng'enya hicho kinahitaji zinki na magnesi ambazo nazo zimekamatwa. Huyu ana potasiamu 4.1 na ALP 236. Kalsiamu yake ya chini ni ya kwake mwenyewe.

Sasa iweke kando ya PTH. Kalsiamu ikishuka, tezi za parathairoidi zinatakiwa zipige kelele. PTH ya 11 maana yake zimenyamaza. Tezi zilizokufa au zilizoondolewa kwa upasuaji hunyamaza hivyo, lakini hapo fosfeti hupanda, maana PTH ndiyo inayoamuru figo kuimwaga kwenye mkojo. Fosfeti ya huyu ni 0.68. Kuna kitu kinaimwaga, na kinachofanya kazi hiyo kwa kawaida ni PTH ile ile ambayo mashine inasema haipo.

Kalsiamu chini, fosfeti chini, ALP juu huku GGT ikiwa ya kawaida, kwa hiyo ALP inatoka mfupani na siyo kwenye ini. Ongeza mapaja dhaifu na muundi unaouma. Ukifunika kwa mkono mstari wa vitamini D na wa PTH, mwanafunzi wa mwaka wa tatu atakwambia osteomalasia, kulainika kwa mifupa ya mtu mzima, ndugu wa matege ya mtoto. Ukiufunua mkono, majibu yanagombana.

Yaliyopotoka yana kitu kimoja cha pamoja

Kalsiamu, fosfeti, ALP na GGT hupimwa kwa kemia ya rangi: kitendanishi kinabadilika rangi, mashine inasoma mwanga unaopita. Vitamini D, PTH, TSH na T4 huru hupimwa kwa kingamwili au protini za kunasa, kwenye mashine nyingine. Namba zote zilizotiliwa shaka zilitoka kwenye hiyo mashine ya pili. Na zilipotoka kwa mpangilio: PTH na TSH zimeshuka, vitamini D na T4 zimepanda. Mtu anayeijua mashine akiona mpangilio huo huuliza swali moja tu: mgonjwa anameza bayotini, ile vitamini ya vidonge vya nywele?

Sababu iko ndani ya kifaa chenyewe. Mashine nyingi za aina hii hutumia bayotini na protini iitwayo streptavidini kama gundi, kwa kuwa viwili hivyo hushikana kwa nguvu kuliko karibu vitu vyote vinavyojulikana katika biolojia. Chembe ndogo za sumaku zimepakwa streptavidini; chochote kilichobandikwa bayotini kinanaswa pale, na kisichonaswa kinaoshwa.

Kwa vitamini D, ambayo molekuli yake ni ndogo mno kushikwa na kingamwili mbili kwa wakati mmoja, kipimo ni cha ushindani. Kwanza vitamini D ya mgonjwa inang'olewa kwenye protini inayoibeba. Kisha inaongezwa vitamini D ya kiwandani iliyobandikwa bayotini, na mbili hizo zinagombania nafasi kwenye protini inayotoa mwanga. Ya mgonjwa ikiwa nyingi, ya kiwandani inapata nafasi chache, mwanga unaobaki kwenye sumaku ni hafifu. Mwanga hafifu, vitamini D nyingi: hivyo ndivyo mashine ilivyofundishwa.

Sasa mwaga bayotini huru kwenye seramu hiyo. Inakalia viti vya streptavidini kabla ya ile iliyobandikwa haijafika. Ya kiwandani inakosa pa kushika, inaoshwa pamoja na mwanga wake. Mashine inaona giza na kuandika 33. T4 huru, nayo molekuli ndogo, hupandishwa kwa njia hiyohiyo.

PTH na TSH ni molekuli kubwa, hupimwa kwa mtindo wa sandwichi: kingamwili moja yenye bayotini chini, nyingine yenye mwanga juu, homoni katikati. Hapa mwanga mwingi ndio homoni nyingi. Bayotini huru ikiiba viti, sandwichi nzima inaoshwa, na homoni "inashuka". Kidonge kimoja, makosa mawili yanayoelekea pande tofauti, na yakiungana yanatengeneza picha ya ugonjwa wa thairoidi ambao haupo. Mnamo Novemba 2017 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari rasmi kuhusu jambo hili.

Si kila mashine inadanganyika. Baadhi hazitumii gundi hiyo kabisa, na watengenezaji kadhaa wameunda upya vitendanishi vyao vivumilie bayotini nyingi. Kiwango ambacho kipimo chako kinavumilia kimeandikwa kwenye karatasi inayokuja ndani ya boksi la kitendanishi, na toleo la zamani na jipya la kipimo kile kile hutofautiana sana. Karatasi hiyo ndiyo ya kusoma, siyo ile iliyobandikwa ukutani miaka mitano iliyopita.

Swali lililoulizwa vibaya

"Unatumia dawa gani?" ni swali baya kwa jambo hili. Watu wengi hawahesabu vidonge vya nywele kuwa dawa. Swali zuri ni: "Kuna kidonge, unga, matone au kinywaji chochote cha nywele, kucha au ngozi unachokimeza?" Mgonjwa alipoulizwa hivyo alitoa kichupa kwenye mkoba. Kapsuli za bayotini za miligramu 10, mbili kila asubuhi. Siku ya kutoa damu alizimeza saa moja, akatolewa damu saa tatu.

Mtu mzima anahitaji bayotini takriban mikrogramu 30 kwa siku. Miligramu 20 ni zaidi ya mara 600 ya hapo. Ya kwenye chakula haina madhara kwa kipimo. Ya kwenye vidonge vya nywele, hasa saa chache baada ya kumezwa, inayo.

Kuthibitisha

Njia mbili zilitumika pamoja, na zote zina thamani.

Ya kwanza ilikuwa kurudi kwenye sampuli ile ile. 25-OH ni molekuli ngumu kuharibika. Seramu iliyotenganishwa hukaa siku kadhaa kwenye friji bila kubadilika sana. Mabaki yalipelekwa kwenye maabara yenye kromatografia ya kimiminika na spektrometa mbili za masi mfululizo. Huko hakuna kingamwili wala streptavidini. Molekuli zinatenganishwa, zinapewa chaji, zinapimwa uzito, zinavunjwa, vipande vinapimwa tena. Vitamini D ina aina mbili, D3 (ile ya ngozini) na D2. 25-OH ya D3 huonekana kwa uzito 401 ikivunjika kwenda 383, ya D2 kwa 413 kwenda 395. Tofauti ya 18 ni molekuli moja ya maji iliyodondoka. Jibu: D3 ni 6.4 ng/mL, D2 haionekani. Tyubu ile ile, asubuhi ile ile: 33 kwenye mashine moja, 6.4 kwenye nyingine.

(Spektrometa nayo ina mtego wake. Kuna pacha wa 25-OH mwenye uzito uleule, epima ya C3, na nguzo ya kromatografia isipomtenganisha anahesabiwa humohumo. Kwa mtu mzima ni kidogo. Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja anaweza kuwa sehemu kubwa ya namba.)

Njia ya pili ilikuwa kuacha bayotini kwa saa 72 na kutoa damu upya. Kwa dozi za kawaida za nywele muda huo unatosha. Mwenye figo mbovu anahitaji zaidi. Anayemeza mamia ya miligramu kwa amri ya daktari, kwa mfano kwa ugonjwa wa kurithi wa kimetaboliki, hatakiwi kuacha kwa ajili ya kipimo. Huyo anatafutiwa mashine isiyotumia gundi hiyo.

Safari hii sampuli ilichukuliwa kwa uangalifu zaidi. Vitamini D haihitaji mtu kufunga, lakini fosfeti hubadilika na chakula na saa ya siku, kwa hiyo alikuja asubuhi bila kula. Mpira wa mkononi ulifunguliwa kabla ya dakika moja, bila kukunja na kukunjua ngumi. Mpira ukikaa muda mrefu, maji hutoka kwenye mshipa, albumini hukolea, na kalsiamu inayobebwa nayo hupanda kwa uongo. Tyubu ya seramu ilijazwa kwanza, ya EDTA kwa PTH ikafuata, na hakuna kilichomiminiwa kutoka moja kwenda nyingine.

Vitamini D 6 ng/mL. PTH 172. TSH 1.9 na T4 huru 15, zote za kawaida kabisa. Kalsiamu 2.06, fosfeti 0.66, ALP 241. Kalsiamu kwenye mkojo wa saa 24 ilikuwa 1.1 mmol (kawaida 2.5–7.5): figo zinabana kila kidogo zinachopata. Picha ya eksirei ya nyonga ilionyesha mstari mwembamba wa weusi upande wa ndani wa shingo ya paja, aina ya ufa unaotokea pale mfupa usiojaa madini unapolemewa. Rufaa ya thairoidi ilifutwa. Mapigo 72, mikono isiyotetemeka na kilo 3 zilizoongezeka vilikuwa vimeipinga tangu siku ya kwanza.

Kipimo ambacho hakikuhitajika

Kabla ya majibu hayo, mtu mmoja kwenye timu alipendekeza ipimwe "vitamini D yenyewe, ile hai", yaani 1,25. Pendekezo hili hutokea karibu kila mara, na ni baya kwa swali hili.

Ngozi ikipigwa na mionzi ya urujuanimno B hutengeneza D3. Ini huibadilisha kuwa 25-OH, ambayo ndiyo akiba: hukaa kwenye damu wiki mbili hadi tatu kabla ya kupungua nusu. Figo huchukua kidogo ya hiyo na kuigeuza 1,25, homoni inayofanya kazi kwa saa chache tu, na kiasi chake kwenye damu ni kama sehemu moja ya elfu ya akiba. Anayeamuru figo kuigeuza ni PTH. Kwa hiyo mtu ambaye akiba yake imekauka na PTH yake inapiga kelele anaweza kuwa na 1,25 ya kawaida, au hata ya juu, huku mifupa inalainika. Kwa huyu ingeweza kuja ya kawaida na kuongeza jibu jingine la uongo kwenye faili. 1,25 ina mahali pake: ugonjwa wa figo, kalsiamu ya juu isiyoeleweka kama ile ya sarkoidosisi, na magonjwa ya kurithi ya fosfeti.

6 ni chini. Na 22 je?

Kisa hiki ni rahisi kwa sababu 6 haina ubishi. Mabishano yako katikati. Taasisi ya Tiba ya Marekani, katika ripoti yake ya 2011, ilisema 20 ng/mL inatosha karibu watu wote, na chini ya 12 ndiko kwenye hatari ya upungufu. Mwaka huohuo Chama cha Endokrinolojia cha huko huko kikasema chini ya 20 ni upungufu, 21 hadi 29 haitoshi, 30 ndiyo shabaha. Mamilioni ya watu wenye mifupa mizima wakaamka "wana upungufu". Mnamo 2024 chama hicho kilitoa mwongozo mpya, kikaacha kuunga mkono ile shabaha ya 30, na kikapendekeza watu wazima wenye afya wasipimwe kama utaratibu tu. Kwa maoni yetu ilikuwa imechelewa, lakini ni sahihi.

Kuna na suala la mashine. Maabara yenye mtawanyiko wa asilimia 10 (namna majibu ya sampuli moja yanavyopishana), ambao bado unakubalika, ikisema 20, namba ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 16 na 24. Ukipima mara mbili, badiliko lisilofika asilimia 28 linaweza kuwa mtikisiko wa kipimo tu, kabla hata hujahesabu mwili wenyewe kubadilika na msimu wa jua. Kutoka 22 kwenda 27 si habari. Na mtu aliyepimwa akiwa na homa kali au siku chache baada ya upasuaji atapata namba ya chini, kwa kuwa 25-OH hushuka wakati wa uvimbe mwilini (mwili ukipambana na maradhi au jeraha), basi asubiri apone.

Nini kilitokana na vitamini D, na nini hakikutokana

Mgonjwa aliuliza kama uchovu na nywele vitarudi sawa akimeza vitamini D. Mifupa na mapaja, ndiyo. Nywele, hakuna sababu ya kuahidi. Katika damu ya pili ferritini, kipimo cha akiba ya chuma, ilikuwa 9 µg/L na himoglobini 11.4 g/dL: upungufu wa madini ya chuma, ambao unaeleza uchovu na unaweza kuchangia kunyonyoka. Ferritini nayo hupimwa kwa sandwichi, hivyo kama ingepimwa mara ya kwanza isingeaminika hata ingekuja chini.

Tafiti zinazoangalia watu bila kuwapa kitu zimekuta vitamini D ya chini kwa wagonjwa wa moyo, saratani, kisukari, huzuni, karibu kila kitu. Lakini mgonjwa hatoki nje, mnene huificha vitamini D kwenye mafuta, na uvimbe huishusha. Namba ya chini mara nyingi ni kivuli cha ugonjwa. Watu walipogawiwa kwa bahati nasibu, picha ilibadilika. Utafiti wa VITAL wa Marekani ulichukua watu 25,871, nusu wakapewa vitamini D IU (vizio vya kimataifa) 2,000 kila siku kwa takriban miaka mitano: saratani mpya hazikupungua, wala mashambulizi ya moyo na kiharusi, mivunjiko ya mifupa nayo haikupungua, kama ilivyoonekana kwenye uchambuzi wa 2022. Utafiti mwingine, D2d, uliotoka 2019, uliwapa IU 4,000 kwa siku watu walio kwenye ukingo wa kisukari, na tofauti haikufikia kiwango cha uhakika. Kuna tahadhari ya haki hapa: wengi wa waliojiunga na VITAL hawakuwa na upungufu, wastani wao ulikuwa karibu 31 ng/mL. Kumwongezea maji mwenye mtungi uliojaa hakukwambii lolote kuhusu mwenye mtungi mkavu, na huyu wa 6 ni wa mtungi mkavu.

Matibabu, na mtego wa pili

Kabla ya dawa, sababu ilitafutwa. Zamu za usiku, mimba mbili na kunyonyesha vilitosha kueleza, lakini pia aliulizwa kuhusu kuharisha kwa muda mrefu, upasuaji wa tumbo, na dawa zinazoharakisha kuvunjwa kwa vitamini D (fenitoini, kabamazepini, rifampisini). Kipimo cha ugonjwa wa siliaki (utumbo usiovumilia gluteni ya ngano) kilirudi safi, nacho kikifanywa baada ya bayotini kuachwa.

Alipewa D3 IU 50,000 mara moja kwa wiki kwa wiki 8, kisha IU 2,000 kila siku. Dozi hiyo kubwa ni miligramu 1.25 tu, maana mikrogramu moja ni IU 40. Kuchanganya mg na µg hapa kumewafikisha watu hospitalini na kalsiamu ya juu. Kalsiamu miligramu 500 mara mbili kwa siku pamoja na chakula, kwa sababu mfupa wenye njaa ukipata vitamini D huvuta kalsiamu kwa nguvu na unaweza kuishusha zaidi kwenye damu. Madini ya chuma alimeza mbali na kalsiamu kwa saa kadhaa, maana vikikutana tumboni chuma hakiingii vizuri. Siku ya kumeza iliandikwa kwenye kalenda: "kila wiki" kugeuka "kila siku" ni kosa la kawaida. Wazo la kumaliza yote kwa dozi moja ya mwaka lilikataliwa. Katika utafiti wa Australia wa 2010, wanawake 2,256 wa miaka 70 na kuendelea waligawanywa, na waliopewa IU 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika zaidi ya waliopewa kidonge kitupu.

D3 ilichaguliwa badala ya D2 kwa sababu ya ufuatiliaji pia. Baadhi ya kingamwili hazioni D2 vizuri. Mgonjwa anameza ipasavyo, namba haisogei, naye anashukiwa kuwa anazitupa.

Wiki ya 4 ALP ilipanda hadi 268. Hilo lilitarajiwa: seli za mfupa zimepata saruji, zinajenga. Kalsiamu 2.17.

Wiki ya 12 alipima kwenye maabara nyingine iliyo karibu na kazini. Jibu: 68. Mfumo wa kompyuta ulichora mstari kutoka 6 hadi 68, mzuri wa kupendeza, na pendekezo likaandikwa kuwa dozi isimamishwe. PTH kwenye karatasi hiyohiyo ilikuwa 81, bado juu. Mtu mwenye 68 ng/mL, figo nzima na kalsiamu ya kawaida, kwa nini parathairoidi zake bado zinahangaika? Jibu lilikuwa pembeni mwa namba, kwa herufi ndogo: nmol/L. Gawanya kwa 2.5: ni 27 ng/mL. Amepanda vizuri, hajapitiliza, na PTH ya 81 ni ya mtu aliye njiani. Dozi iliendelea.

Mwezi wa sita: 25-OH 34 ng/mL, PTH 48, fosfeti 1.08, ALP 98. Ananyanyuka kwenye kiti kifupi akiwa amekunja mikono kifuani. Ule ufa wa shingo ya paja umejazwa. Kipimo kingine cha vitamini D hakikupangwa. Ikibidi kufuatilia, kutaanza na ALP, ambayo haijali bayotini.

Maabara ya kwanza ilibadilisha vitu vitatu. Fomu ya kuomba kipimo ina mstari mpya: "Vidonge vya nywele/kucha/ngozi: miligramu ngapi, mara ya mwisho saa ngapi?" Kizio kinachapwa kwa ukubwa uleule wa namba, na jibu la vitamini D linatoka kwa vyote viwili, ng/mL na nmol/L. Na mfumo umewekewa kizuizi: TSH ya chini ikitoka pamoja na PTH ya chini na kalsiamu ya chini, jibu halitoki mpaka mtaalamu wa zamu ampigie simu aliyeliomba.